Mpira wa Katikati ni wa Nani?

(Mada iliyotolewa kwa vijana na wazazi baada ya futari, Eldoret)



 Namshukuru Mwenyezi Mungu aliyetukutanisha tena katika mwezi huu mtukufu. Nawashukuru pia kina mama waliotuandalia futari. Kwa uji ule na mahamri yale, mimi nilikuwa nafikiria kulala, si kuhutubia. Lakini nimepewa dakika thelathini tu na Isha inatungoja, kwa hivyo wacha nianze.

Viongozi wa vijana waliponiita waliniambia, "Mwalimu, tuzungumzie michezo kama kazi." Najua wengi mlitarajia nije na habari za mbio. Hapa kwetu Eldoret ukisema michezo umeshasema riadha. Alfajiri ukitoka msikitini unakutana na vijana wakikimbia barabara ya Iten, wengine wanaelekea Kaptagat. Lakini mimi si mkimbiaji. Mimi ni mtu wa tenisi, na ndani ya tenisi ni mtu wa wawili wawili, yaani ule mchezo wa wachezaji wawili upande huu na wawili upande ule. Leo nataka tuitazame kazi hiyo: inaendaje, inalipa nini, na inamdai mtu nini. Na kabla sijamaliza nitawaeleza kosa langu mwenyewe, ambalo liligharimu zaidi ya mechi.

Kwanza tuondoe dhana moja. Watu husema mwanamichezo wa kweli ni yule anayesimama peke yake. Hebu kumbukeni tarehe 12 Oktoba 2019 kule Vienna. Eliud Kipchoge, aliyefanyia mazoezi yake hapa karibu Kaptagat, alimaliza masafa ya marathoni kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Sote tulimtazama yeye. Lakini waliokuwa wakipokezana kumwekea kasi, mbele yake na nyuma yake, walikuwa wakimbiaji 41. Basi hata mbio, mchezo tunaosema ni wa mtu mmoja, siku ile ulikuwa wa watu wengi.

Kiwanja kinapanuka

Kwa wasioujua mchezo huu, nitaeleza kwa ufupi. Kiwanja cha tenisi kina urefu wa mita 23.77. Wakicheza mmoja kwa mmoja, upana ni mita 8.23. Wakicheza wawili wawili, mistari ya pembeni nayo inaingia, na upana unakuwa mita 10.97. Yaani mmeongezeka mtu mmoja, lakini na kazi nayo imeongezeka.

Mmoja huanzisha mpira akiwa nyuma, mwenzake husimama mbele karibu na wavu. Yule wa mbele ameupa mgongo upande wa mwenzake, hamwoni. Kabla ya pointi huficha mkono nyuma ya mgongo na kumwonyesha kwa vidole: nitakimbilia kushoto, au nitabaki hapa. Huyu wa nyuma lazima aamini. Akianzisha mpira kinyume na walivyokubaliana, mwenzake ndiye atakayepigwa na mpira kifuani.

Sasa tufike kwenye jambo lililonipa kichwa cha mada hii. Katika wawili wawili, mpira mgumu kuliko yote ni ule unaopita katikati. Ule wa pembeni una mwenyewe, kila mtu anajua. Lakini wa katikati, nyote wawili mnaufikia. Na kwa kuwa nyote mnaufikia, mara nyingi hakuna anayeupiga. Kila mmoja anamngoja mwenziwe, na mpira unapita baina yenu kama mgeni aliyekosa mwenyeji. Dawa yake ni moja tu: kusema. "Wangu!" au "Wako!" Neno moja, kwa sauti, mapema.

Na kosa moja linauma sana siku hizi. Katika mashindano ya kawaida ya kulipwa, gemu ikifika 40 kwa 40, pointi moja tu inaamua. Mkishinda seti moja moja, hamchezi seti ya tatu nzima. Mnacheza tai-breki ya kufika pointi 10, na lazima muwapite wenzenu kwa mbili. Nafasi ya kujirekebisha ni ndogo. Kwa hivyo swali kubwa la kazi hii ni hili: mwenzako akikosea, wewe unafanya nini katika zile sekunde ishirini kabla ya pointi inayofuata?

Riziki yake

Vijana wataniuliza, "Mwalimu, lakini inalipa?" Haya, tuseme ukweli.

Mchezaji wa wawili wawili hapati anachopata yule wa mmoja mmoja. Katika Wimbledon ya mwaka 2025, bingwa wa mmoja mmoja alipewa pauni milioni 3. Mabingwa wa wawili wawili walipewa pauni 680,000 kwa timu nzima. Gawanya mara mbili, kila mmoja anapata 340,000. Ni kama sehemu moja ya tisa ya alichopata bingwa yule. Ni pesa nyingi, sikatai, lakini hao ndio waliofika kileleni. Walio chini wanajilipia ndege na malazi wiki baada ya wiki, na wakitolewa raundi ya kwanza wanafunga mabegi na kwenda mji mwingine.

Halafu kuna jambo la orodha ya dunia. Kila mchezaji ana nafasi yake mwenyewe katika orodha ya wawili wawili, kulingana na pointi alizopata katika wiki 52. Lakini mkitaka kuingia mashindano, nafasi zenu hujumlishwa. Wewe ukiwa wa 40 na mwenzako wa 90, mnahesabiwa 130, na wenye jumla ndogo ndio wanaoingia. Mnaona maana yake? Hata ukiwa hodari namna gani, mlango unafunguliwa kwa hesabu ya watu wawili. Ukimwinua mwenzako umejiinua. Ukimvunja, umejifungia nje.

Faida yake ni kwamba kazi hii inaweza kudumu, kwa sababu mbio za kiwanjani ni chache na akili inahesabiwa zaidi. Rohan Bopanna wa India alikuwa nambari moja duniani katika wawili wawili kwa mara ya kwanza Januari 2024, akiwa na umri wa miaka 43. Mwezi huo huo alishinda Australian Open pamoja na Matthew Ebden wa Australia. Miaka 43! Umri ambao sisi wengine tukipanda ngazi ya hapa nje tunashika kiuno.

Wakenya waliotangulia

Msidhani haya ni ya watu wa mbali tu. Kenya ilikuwa na Paul Wekesa, aliyezaliwa mwaka 1967. Katika mmoja mmoja alifika nafasi ya 100 duniani, na mwaka 1989 alifika raundi ya pili ya Australian Open. Lakini vikombe vyake katika mashindano makubwa ya kulipwa, vitatu, vyote alivipata katika wawili wawili. Kimoja alikichukua Seoul mwaka huo huo wa 1989, akicheza na Mmarekani Scott Davis. Mkenya na Mmarekani, wanakutana Korea, na wanaelewana kwa ishara za vidole. Hiyo ndiyo kazi yenyewe.

Na mdogo zaidi, ambaye wengi wenu mnamjua, ni Angella Okutoyi. Alizaliwa Nairobi Januari 2004, yeye na pacha wake. Mama yao alifariki baada ya kuwazaa, wakalelewa na nyanya yao aliyekuwa mfanyakazi wa usafi katika shule moja ya Nairobi. Tenisi walianza kuijua huko. Mzazi ukisikia hivyo utauliza: tenisi na mtoto wa mfanya usafi wapi na wapi? Lakini Januari 2022 kule Melbourne, Angella alikuwa msichana wa kwanza wa Kenya kushinda mechi katika mashindano ya vijana ya Grand Slam.

Julai ya mwaka huo akaenda Wimbledon. Katika wawili wawili alicheza na Rose Marie Nijkamp, msichana wa Uholanzi. Wakafika fainali dhidi ya wasichana wawili wa Kanada, Kayla Cross na Victoria Mboko. Seti ya kwanza wakapoteza 3 kwa 6. Ya pili wakashinda 6 kwa 4. Tai-breki ikaenda hadi 11 kwa 9. Pointi mbili tu za tofauti! Na hapo Kenya ikapata taji lake la kwanza la Grand Slam ya vijana, mikononi mwa msichana aliyekuwa na miaka 18.

Sasa wacha niwaonyeshe kitu. Mmoja wa wale wawili walioshindwa siku ile, Victoria Mboko, ni binti wa wazazi waliotoka Kongo. Agosti 2025 alishinda mashindano makubwa ya Kanada kule Montreal, akimfunga Naomi Osaka katika fainali. Aliyetoka kiwanjani ameinamisha kichwa mwaka 2022, miaka mitatu baadaye nchi nzima ilikuwa imesimama ikimpigia makofi. Angella naye alikwenda chuo kikuu cha Auburn, Marekani, na Machi 2024 akachukua dhahabu ya mmoja mmoja katika Michezo ya Afrika kule Accra. Kwa hivyo kushindwa leo si kuandikiwa kushindwa. Hilo liwekeni moyoni, maana nitalirudia.

Walioambiwa hawawezi kukaa pamoja

Kuna methali yetu isemayo fahali wawili hawakai zizi moja. Ni kweli kwa fahali. Kwa binadamu, inategemea.

Aisam-ul-Haq Qureshi alizaliwa Lahore, Pakistan, mwaka 1980. Mwenzake alikuwa huyo Rohan Bopanna niliyemtaja, wa India. Nchi zenu mbili zimepigana vita, na nyinyi mnashika raketi upande mmoja wa wavu! Watu walisema mengi. Wao wakavaa nguo zilizoandikwa maneno ya kutaka vita vikome na tenisi ianze. Taji lao la kwanza kubwa la pamoja walilipata Afrika, Johannesburg, mwaka 2010. Mwaka huo huo wakafika fainali ya US Open mjini New York, na Qureshi akawa Mpakistani wa kwanza kufika fainali ya Grand Slam. Mabalozi wa India na Pakistan katika Umoja wa Mataifa walikaa pamoja jukwaani kuwatazama. Hawakushinda. Walifungwa na ndugu wawili mapacha, Bob na Mike Bryan wa Marekani, seti zote mbili kwa tai-breki. Lakini kile kiti walichokalia mabalozi wale bega kwa bega, mimi nakihesabu kuwa ni kikombe pia.

Baadaye waliachana. Mwaka 2012 kila mmoja alikuwa na mwenza mwingine. Hilo ni la kawaida katika kazi hii, ushirika wa uwanjani si ndoa. Lakini waliachana kwa heshima, na ndiyo maana mwaka 2014 waliweza kurudiana wakacheza tena. Angalieni sana hapo: namna unavyoagana na mtu ndiyo itakayoamua kama mlango utafunguka tena.

Na kwa dada zetu na wazazi wenye mabinti, yupo Sania Mirza, Mwislamu wa Hyderabad, India. Katika mmoja mmoja alifika nafasi ya 27 duniani mwaka 2007, halafu majeraha yakamwandama, hasa kifundo cha mkono. Mwaka 2013 aliacha mmoja mmoja kabisa. Wapo waliodhani amekwisha. Aprili 2015 akawa nambari moja duniani katika wawili wawili. Mwenzake alikuwa Martina Hingis wa Uswisi. Katika fainali ya Wimbledon ya mwaka huo walikuwa nyuma 2 kwa 5 katika seti ya mwisho, wakashinda 7 kwa 5. Walifikia kushinda mechi 41 mfululizo. Oktoba 2018 alijifungua mtoto wa kiume, na Januari 2020 akarudi na kushinda mashindano ya kwanza aliyoingia, kule Hobart, Australia, na mwenzake Nadiia Kichenok wa Ukraine. Alistaafu Februari 2023. Kazi ya miaka ishirini. Na sehemu yake kubwa aliijenga baada ya kukubali kuwa nusu ya timu.

Kosa langu

Sasa nimefika pale nilipoahidi.

Mimi nilijifunza tenisi kwa kuokota mipira katika klabu moja. Tulikuwa wawili. Mwenzangu tulikaa naye mtaa mmoja, tukasoma madrasa moja, na tukitoka madrasa ni mbio mpaka kiwanjani. Tulilipwa shilingi chache kwa jioni. Wakubwa wakishaondoka, tulibaki na kama dakika ishirini kabla ya giza, na raketi moja kuukuu. Yeye anapiga mipira kumi ukutani, ananipa mimi. Baadaye tukapewa ya pili, nyuzi zimekatika, tukazifunga fundo.

Tukakua, tukawa timu. Mimi nilikuwa na mkono wenye nguvu. Yeye alikuwa na macho. Pale mbele kwenye wavu alikuwa akiusoma mpira kabla haujapigwa. Mwaka 2009 tukaalikwa mashindano Nakuru. Nauli alitupa baba yake, mzee aliyekuwa akiuza mitumba. Alitoa noti mfukoni, akazihesabu mara mbili, akasema, "Nendeni pamoja, mrudi pamoja."

Tukafika nusu fainali. Seti moja kwa moja. Tai-breki, tunaongoza 9 kwa 8. Pointi moja tu na tuko fainali. Mpira ukaja katikati. Jamani, ulikuwa wangu. Ulikuwa upande wa mkono wangu wenye nguvu. Lakini sikusema kitu. Nilimngoja yeye, naye akaningoja mimi. Ukapita baina yetu, ukaanguka ndani ya mstari.

Nikageuka, mbele ya watu wote, nikamwambia kwa sauti, "Ndiyo maana hatufiki popote. Kazi yangu ni kubeba mzigo." Hakujibu. Pointi mbili zilizofuata alicheza kama mtu aliyeazimwa mikono. Tukapoteza, 11 kwa 9.

Tulirudi Eldoret kwa matatu moja, viti viwili tofauti. Baba yake alisema mrudi pamoja. Hatukurudi pamoja.

Nilidhani hasira itapita kwa wiki moja. Wiki ikawa mwezi, mwezi ukawa mwaka. Yeye akahamia Kitale, mimi nikawa mwalimu. Katika miaka ile baba yake alifariki, Mungu amrehemu. Habari nilizipata mapema, na nafasi ya kwenda nilikuwa nayo. Sikwenda kumzika. Niliona aibu kumtazama mwanawe usoni. Mzee aliyenilipia nauli kwa pesa ya mitumba, mimi sikumtilia hata konzi moja ya mchanga.

Julai 2022 nikasikia matokeo ya Angella. 11 kwa 9. Watu wote shuleni walikuwa wanashangilia, mimi nikaketi. Namba zile zile! Wale wasichana wawili, mmoja wa Nairobi na mwingine wa Uholanzi, walipoteza seti ya kwanza na hawakugeukiana. Sisi tuliotoka madrasa moja tulishindwa kuvumiliana mpira mmoja. Nikaomba namba yake kwa mama yake. Jumamosi iliyofuata nikapanda gari la Kitale, nimebeba raketi mpya.

Alinipokea vizuri, tukanywa chai. Nikamwambia, "Mpira ule ulikuwa wangu." Akasema, "Najua. Nilijua siku ile ile." Nikamwuliza, sasa kwa nini aliacha tenisi? Akakaa kimya kidogo, kisha akasema, "Sikuacha kwa sababu tulishindwa. Niliacha kwa sababu uliposema mimi ni mzigo, nilikuamini."

Ndugu zangu, miaka kumi na tatu mtu alikuwa akiishi na neno langu moja. Mimi nilikuwa nimeshalisahau, yeye alikuwa akilala nalo na kuamka nalo.

Amenisamehe, na mama yake pia. Siku hizi tunapigiana simu, Idi tunatembeleana. Raketi ile aliipokea, akaiweka juu ya kabati. Sijamuuliza kama ameishusha.

Mambo matatu ya kuondoka nayo

Basi nimalizie. Najua si wengi hapa watakaokuwa wachezaji wa kulipwa. Lakini kila mmoja wetu anacheza wawili wawili mahali fulani. Wapo waliofungua duka pamoja, wapo wanaoendesha bodaboda moja kwa zamu, wapo mume na mke. Na humu ukumbini wapo walioanza jambo pamoja na leo hawasalimiani. Kwao na kwangu nasema matatu.

La kwanza: semeni mapema. Mpira wa katikati usemewe kabla haujafika. Deni ni la nani, zamu ni ya nani, mtoto anapelekwa hospitali na nani. Msingojane kwa kimya halafu mkalaumiana kwa kelele.

La pili: mwenzako akikosea, ndipo kazi yako inapoanza. Watazameni wachezaji wa wawili wawili wakipoteza pointi. Mara nyingi utawaona wanakaribiana, wanagusana mikono, wanasema neno, kisha wanarudi mahali pao. Wanaguswa mikono na aliyeshinda pointi, na aliyeiharibu pia. Mimi sasa vijana ninaowafundisha ndiyo kanuni yangu ya kwanza, kabla ya kushika raketi: anayemkaripia mwenzake kiwanjani anakwenda kuokota mipira ya wote.

La tatu: kama neno limeshatoka, usingoje miaka kumi na tatu. Usingoje mpaka mzee afe. Simu unayo mfukoni. Kidole kimoja hakivunji chawa, lakini kidole hicho kimoja kinatosha kubonyeza namba ya mtu.

Mzazi mmoja alinishika mkono pale mlangoni kabla ya futari akaniambia mwanawe anataka kucheza tenisi, na yeye anaona ni kupoteza wakati. Nilimwambia tutazungumza. Mzee wangu, jibu langu ni hili: kama ataitafuta riziki huko, mwambie ukweli kuhusu hesabu zake, maana ni ngumu, na shule asiiache. Angella mwenyewe alikwenda nayo mpaka chuo kikuu. Lakini usimzuie. Mtafutie mwenzake wa kucheza naye. Akijifunza kumsubiri mwenziwe, kumwamini bila kumwona, na kukiri kwamba mpira ule ulikuwa wake, hata asiposhinda kikombe chochote, utakuwa umepata mtoto wa kuishi na watu.

Nikiwa nimekosea katika maneno yangu, nisameheni. Na kama yupo humu ambaye niliwahi kumwambia neno baya akaliamini, anione kabla hatujasimama kuswali.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.